Parafujo ya Sita

Marahaba, wadogo zangu wa darasa la tano. Najua hamjaniamkia bado, lakini mstaafu huchukua heshima yake mapema, kabla watu hawajabadili mawazo.

Nimestaafu kazi ya kutafuta vyuma katika kiwanja cha shule yetu nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, baada ya utumishi wa miaka mitatu. Kiinua mgongo sikupewa. Nilichoondoka nacho ni kovu moja kwenye unyayo wa kulia, na habari zake mtazisoma humu. Sumaku mtaikuta stoo, imefungwa kwenye gunia. Msiiweke karibu na majembe. Mimi niliwahi kuiweka, ikayang'ang'ania mawili kwa pamoja, tukavutana nayo kama tunavuta ng'ombe asiyetaka josho.

Kiwanja chenu hakikuzaliwa kiwanja. Wazee wa hapa Kang'ata wanasema Mjerumani aliweka kambi papo hapo, Mwingereza akaja akamtimua, na wote wawili waliondoka bila kufagia. Ndiyo maana mvua ikinyesha ardhi hutema maganda ya risasi, vipande vya seng'enge, misumari ya masanduku na vile vyuma vya visigino vya buti. Walioviacha walikuwa na viatu. Sisi tunaocheza juu yake hatuna.

Kazi ilianza kwa sababu ya Sefu, golikipa wetu wakati huo. Alikanyaga ncha ya seng'enge langoni, akaichomoa mwenyewe, akapaka majivu, akaendelea kudaka. Siku ya tisa akashindwa kufungua mdomo. Tulicheka, maana Sefu alikuwa msemaji kupita kiasi, tukadhani anaigiza. Jioni mgongo wake ukapinda kama upinde, na hapo hakuna aliyecheka tena. Pepopunda. Walimpeleka hospitali ya Korogwe kwa lori la shamba la mkonge, na wiki nyingi zilizofuata kila lori lililosimama barabarani lilitunyima usingizi wa mchana, tukihofu limeleta maiti yake. Siku aliporudi, amekonda kama spoki ya baiskeli, hatukumwangalia mguu. Tulimwangalia mdomo. Alipocheka tukaona meno yote, hata lile bovu la nyuma, na mpaka leo sijaona jino bovu zuri kama lile.

Mwalimu Mkuu akaunda kikosi cha watu wanne. Mhina, rafiki yangu tangu tunachunga mbuzi, alikuwemo mwaka wa kwanza, kisha akachaguliwa winga wa kulia akatuacha, nafasi yake ikazibwa na mwingine. Mimi nikabaki kiongozi. Malipo yetu yalikuwa makubwa kuliko fedha: wenzetu wakienda kulima shamba la muhogo la shule, sisi tulikwenda kiwanjani.

Sasa someni vizuri, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Sumaku tuliletewa kutoka kwa fundi mmoja wa Kihindi wa Korogwe ya Zamani, aliyeing'oa kwenye injini iliyokufa. Ina umbo la kwato, na uzito wake si wa kubeba kwa mkono mmoja. Mnaifunga kamba ya katani mnaiburuta polepole. Baada ya hatua chache itaota ndevu nyeusi. Siku ya kwanza tulipoziona tulikimbia kumwambia Mwalimu Mkuu kwamba tumegundua baruti ya Mjerumani. Akachukua kidogo, akaisugua kati ya vidole, akatuambia ni mchanga wenye chuma, umejaa Handeni nzima, na kwamba vichwa vyetu navyo vingepimwa vingekutwa na mchanga. Tangu siku ile tuliivisha sumaku kitambaa. Ndevu zikiota unavua kitambaa, zinaanguka zenyewe.

Sumaku hushika chuma tu. Shaba haioni kabisa. Unaweza kuipitisha juu ya maganda ya risasi ishirini, nayo ikakaa kimya kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la hesabu. Kwa shaba kuna spoki ya baiskeli: unachoma ardhini taratibu na kusikiliza kwa vidole. Jiwe linakukatalia. Mzizi unakupokea kidogo halafu unakurudisha. Shaba inateleza. Na mkikuta risasi ambayo bado ina kichwa chake, msiiguse, simameni hapo hapo mmoja akamwite mwalimu. Hilo silitanii.

Haya ya spoki tulifundishwa na Bibi Mwanahamisi, mpishi wetu. Msicheke. Baba yake alikuwa mhunzi, na vita vilipokwisha yeye, akiwa msichana mdogo, ndiye aliyekuwa akiokota vyuma porini ili baba yake afue majembe. Alituona siku moja tukiburuta sumaku huku na huko kama mbwa aliyepoteza mfupa. Akatoka jikoni na mchi wa kinu begani, akauliza nani ametufundisha kutafuta popote tunapopenda. Akachukua kamba mbili za katani, akazilaza sambamba kutoka goli hadi goli, hatua moja katikati, akasema tusitoke humo mpaka tufike mwisho, ndipo tuzihamishe. Halafu akaanza kupiga ardhi kwa mchi, pu, pu, pu, kichwa kimeinama. Alisema udongo uliowahi kuchimbwa haulii sawa na udongo ambao haujaguswa. Tukachimba aliposimama. Tukatoa kisanduku kizima cha misumari iliyogandamana kwa kutu. Akarudi jikoni, ugali ukiwa haujaungua.

Ndiye aliyetuokoa pia siku ya bomu. Tulifukua kitu cha mviringo, kizito, kina pete juu, na mimi kwa sauti ya kiongozi nikatangaza kwamba hilo ni bomu. Shule nzima ililala kifudifudi kwenye shamba la karanga kando ya kiwanja kwa muda wa kipindi chote cha hesabu, jambo ambalo wengine walinishukuru. Mwalimu Mkuu naye alilala, shati jeupe vile vile. Bibi Mwanahamisi akapita akielekea kisimani, akainama, akalifuta tope kwa kidole.

"Jiwe la mizani hili," akasema. "Ratili nne. Amkeni, mtaziponda karanga."

Basi. Hayo ndiyo mema yangu. Sasa nije kwenye parafujo.

Mwaka wangu wa tatu kazini, kiwanja kilianza kuisha vyuma. Wiki nzima tulipata misumari miwili na kifungo. Kila mtu alifurahi isipokuwa sisi wanne. Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba Ijumaa ile tusipopata kitu, kikosi kitavunjwa, nasi tutakwenda shamba la muhogo pamoja na binadamu wengine. Nilikitazama kiganja changu. Kilikuwa laini kama cha karani.

Alhamisi alasiri nikaingia kwenye karakana ya useremala. Kulikuwa na kabati bovu, limepakwa rangi ya kahawia mpaka kwenye parafujo zake. Nikafungua parafujo sita, ndefu kama kidole cha kati. Nikaenda pembeni mwa kiwanja, upande wa kona ya kulia, nikazifukia, moja kila baada ya hatua tatu, kina cha ukucha. Nilijiona mwerevu. Nilikuwa nimepanda chuma ili nivune mapumziko.

Wasichofanya watu wengine duniani ni kile kinachofanywa na shule yetu kabla ya mechi kubwa: kuburuta gogo. Jumamosi ya wiki iliyofuata tulikuwa na wageni, shule moja kutoka Korogwe. Kwa hiyo Ijumaa alfajiri, bila mimi kujua, darasa la sita liliamrishwa kufunga gogo la mninga kwa kamba na kuliburuta kiwanja kizima ili kusawazisha vichuguu. Nilipofika na sumaku yangu, kiwanja kilikuwa laini kama kichwa kilichonyolewa, na alama zangu zote zilikuwa zimefutika.

Sumaku ilizipata parafujo tano, zimetawanyika hapa na pale. Mwalimu Mkuu akazishika, akatikisa kichwa, akasema kumbe bado tunahitajika sana. Ya sita haikuonekana. Nilirudia mara mbili. Sumaku haikusema kitu, nami nikajiridhisha kwamba gogo limeondoka nayo. Nikalala vizuri siku sita. Ni aibu kuliandika, lakini nililala vizuri.

Alhamisi, mwalimu wa useremala aliingia darasani amebeba mlango wa lile kabati. Ni mtu mpole ambaye maneno yake kwa siku hayajai kibaba. Akasema kuna mtu kafungua parafujo sita. Tano ni za chuma, hana shida nazo. Lakini ya juu kabisa aliitia yeye mwenyewe miaka iliyopita alipoishiwa za chuma, na ile ilikuwa ya shaba.

Shaba. Mimi, fundi mkuu, mwalimu wa spoki, niliyewahi kuwahutubia wenzangu juu ya sumaku na shaba mpaka wakasinzia, nilikuwa nimefukia shaba chini ya rangi ya kahawia na kuitafuta kwa sumaku. Nikahisi jasho likishuka mgongoni polepole, kwa mpangilio, kama linafuata kamba za Bibi Mwanahamisi.

Ipo kiwanjani. Ndefu kama kidole, ina ncha, na kesho kutwa wavulana ishirini na wawili watakimbia juu yake pekupeku. Nani anakimbia zaidi upande wa kulia? Mhina. Nilipofumba macho sikuona mguu wa Mhina. Niliona mdomo wa Sefu ulivyokuwa umefungwa.

Mtaniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Niliogopa viboko, na niliogopa zaidi kicheko. Mtu aliyezoea kuchekesha haogopi kuchekwa kwa mizaha yake. Anaogopa kuchekwa kwa ujinga wake. Ijumaa nilichoma spoki kila nilipoweza, lakini timu ilikuwa ikifanya mazoezi, na kila Mhina alipopita mbio na mpira mimi nilikuwa nahesabu nyayo zake zinavyotua. Alidhani namshangilia.

Jumamosi jua likiwa bado halijapanda, nikachukua kamba mbili za katani, nikazilaza. Spoki niliiacha. Spoki moja na kiwanja kizima, ningemaliza siku ya Idi. Nikaamua kutumia kifaa nilichozaliwa nacho. Nikaanza kutembea kati ya kamba, pekupeku, kisigino hadi kidole, nikikanyaga kwa nguvu zote kila hatua. Kama kuna mguu wa kutobolewa siku hiyo, uwe wangu.

Nilikuwa nimefika mstari wa kumi hivi Mhina aliponikuta. Alisimama pembeni akinitazama ninavyotwanga.

"Mbwana," akasema, "unaaga kiwanja au umerogwa?"

Nikamwambia. Sikumtazama, niliendelea kukanyaga huku nikisema, maana nikisimama nisingemaliza. Nilimweleza kabati, parafujo, gogo, shaba.

"Kwa hiyo," akasema, "ulitaka kuniua ili usilime muhogo."

"Sikutaka."

"Najua hukutaka. Ungetaka ungekosea." Akaingia kati ya kamba nyuma yangu.

Nikamwambia atoke, ana mechi. Akakataa, akasema atakanyaga pale tu nilipokanyaga mimi, kwa sababu hapo angalau pameshapimwa na mjinga. Tukaenda hivyo, mimi natwanga, yeye anafuata nyayo zangu moja moja kama kuku anayevuka tope, na njia nzima akinitukana kwa Kizigua, matusi ya taratibu ya kiukoo ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la shule.

Niliipata mbele kidogo ya goli la kaskazini, pale pale Mhina anapokata kuingia ndani. Gogo lilikuwa limeivuta hadi huko na kuisimamisha wima. Iliingia kwenye unyayo kama inarudi kwenye kabati lake. Nikakaa chini. Nikaushika mguu, nikaiona ile rangi ya kahawia, na mahali ilipokwaruzwa iling'aa manjano. Wadogo zangu, sijawahi kufurahi vile. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na damu nayo ikitoka, na Mhina akapiga kelele kuita watu, akidhani pepopunda imenipanda kichwani papo hapo.

Mwalimu Mkuu alifika mbio. Bibi Mwanahamisi alifika na maji ya moto na chumvi. Mwalimu Mkuu aliitazama parafujo, akautazama mguu wangu, akanishika bega, akasema mbele ya wote kwamba nimeonyesha moyo wa kujitolea. Watu wakaanza kupiga makofi. Ningeyaacha yapigwe, nawaambia ukweli. Nilikuwa tayari nimeandaa uso wa unyenyekevu. Lakini akaendelea kusema kwamba ikiwa bado kuna vyuma kama hivi, hawezi kuhatarisha watoto wa watu, mechi imeahirishwa, wageni wakifika warudishwe Korogwe. Nikamwona Mhina. Alikuwa amekwisha vaa jezi. Hakunitazama. Alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la jezi.

"Mwalimu," nikasema, "hakuna kingine. Hiyo ndiyo ya mwisho."

"Unajuaje?"

"Zilikuwa sita. Nilizifukia mimi."

Makofi ni kitu cha ajabu, yanaweza kukatika katikati, kiganja kimoja kikabaki hewani. Mwalimu Mkuu aliuondoa mkono wake begani kwangu. Akauliza kama nina hakika ni sita. Nikasema ndiyo. Akamgeukia mwalimu wa useremala, naye akatikisa kichwa kukubali: sita. Kisha Mwalimu Mkuu akasema mambo matatu. Mechi itachezwa. Kuanzia siku nitakayoweza kusimama, shamba la muhogo ni langu mpaka nimalize shule. Na viboko vinanisubiri mguu ukipona, kwa sababu hapigi wagonjwa.

Bibi Mwanahamisi aliosha kidonda bila huruma yoyote. Alichosema ni kimoja tu: "Mimi na baba yangu tulitoa vyuma ardhini miaka mingi, mjukuu wangu. Hatukuwahi kumwona mtu anavirudisha."

Mwalimu wa useremala ndiye aliyenipeleka zahanati kwa baiskeli yake, mimi nimekaa nyuma mguu umefungwa kitambaa. Njia nzima alikanyaga pedali tu. Nilijiandaa kwa hotuba kila tulipopanda kilima. Tulipofika mlangoni, akashuka, akanisaidia kushuka, akanyoosha mkono.

"Ile ya shaba," akasema. "Nirudishie."

Dresa alinichoma sindano ambayo ilinifanya niisahau parafujo. Akaniambia nihesabu siku kumi na nne, na nikiona taya linakaza nije mbio. Nikamuuliza nitakuja mbio kwa mguu upi. Hakucheka, na mimi pia ndani yangu sikuwa nacheka, maana nilimkumbuka Sefu na siku yake ya tisa.

Tulirudi kipindi cha pili kikiwa kinakaribia kuisha. Tulifungwa mbili bila. Mhina alibaki na kipa peke yake, pale pale mbele ya goli la kaskazini, akapaisha mpira ukaenda kwenye karanga. Kiwanja kizima kiliguna. Mimi nilishangilia peke yangu. Alikosa, ndiyo, lakini alikosa kwa miguu miwili mizima.

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi kabla ya kengele, Mhina alinifuata na kusimama mbele yangu kama askari wa forodha.

"Fungua mdomo."

Nafungua. Anachungulia, anahesabu meno, ananiambia nifunge. Siku ya tano nilijifanya taya limekaza, nikakodoa macho. Alibadilika rangi, akakimbia hatua tatu kuelekea kwa Mwalimu Mkuu kabla sijacheka. Aliporudi alinipiga kofi la kisogoni, kisha akarudia, fungua mdomo. Siku ya tisa hatukutania. Nilifungua mdomo kabla hajasema, na alichungulia muda mrefu kuliko siku nyingine zote.

Viboko vyangu, kwa taarifa yenu, bado vinasubiri. Mguu ulipona mwezi uliopita na Mwalimu Mkuu hajakumbuka. Mkimwona, msimkumbushe.

Siku ya kumi na nne nilikuwa tayari shambani, na jembe, kiganja changu cha karani kimeota malengelenge mawili. Mhina alikuja akiwa ameficha mkono mgongoni. Akasema fungua mdomo. Nikafungua kwa upana wote, jua likaingia mpaka kooni. Hakuhesabu kitu. Akanitia kipande cha muhogo wa kuchoma, cha moto, kikubwa mno, akanitazama mpaka nilipokitafuna na kukimeza chote.

"Haya," akasema, akachukua jembe la pili. "Umepona. Lima."